Kikomo cha Dau: Kanuni Inayoamua Mchezo wa Poka

Poka huchezwa kwa karata 52 zile zile za kopa, uru, pau na shupaza, lakini jina hilo moja limebeba michezo mingi. Kinachoitenganisha michezo hiyo si karata peke yake. Kila meza ina kanuni inayosema mchezaji aruhusiwe kuweka dau kiasi gani, wakati gani, na dau hilo lipandishwe mara ngapi. Kanuni hiyo ndiyo kikomo cha dau. Ikibadilishwa, hata karata zikibaki zilivyo, jozi iliyostahili kufuatwa hadi mwisho huwa ya kutupwa, hadaa iliyokuwa upotevu wa fedha huwa silaha, na hasara ambayo ingechukua usiku mzima kutimia hutokea katika mgao mmoja. Anayejua karata ipi inaishinda ipi bila kujua kikomo cha meza amejifunza nusu ya mchezo, tena ile nusu iliyo rahisi.

Mfano unaofaa kwa maelezo haya ni Texas Hold'em, aina ya poka inayochezwa zaidi duniani. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha hufunuliwa karata tano katikati ya meza, ambazo ni za wote: tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Mshindi ni yule anayeunda karata tano bora kutokana na saba alizonazo. Dau huwekwa katika duru nne: kabla ya karata ya mezani kufunuliwa, baada ya zile tatu, baada ya ya nne, na baada ya ya tano. Zamu inapomfikia, mchezaji anaweza kupita ikiwa hakuna dau lililotangulia, kuweka dau, kufuata dau la mwenzake kwa kulipa kiasi hicho hicho, kulipandisha, au kutupa karata zake na kuachana na alichokwisha kuweka. Fedha zote hukusanywa katikati na kuwa kitita. Kitita huchukuliwa kwa njia mbili tu: kuonyesha karata bora mwishoni, au kuwafanya wengine wote watupe karata zao kabla ya mwisho. Njia ya pili inategemea ukubwa wa dau kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo maana kikomo kina nguvu kubwa kiasi hiki.

Kabla ya kuzungumzia dau la hiari, lipo dau la lazima. Jozi ya ree, ambayo ndiyo mwanzo bora kuliko wote, huja kwa wastani mara moja katika migao 221. Kama hakuna aliyelazimika kutoa chochote, mtu mwangalifu angekaa kimya akiisubiri, na wenzake wangefanya vivyo hivyo. Kusingekuwa na mchezo. Kwa hiyo wachezaji wawili walio kushoto kwa mgawaji huweka fedha kabla hawajaona karata zao. Wa kwanza huweka blaindi ndogo, wa pili blaindi kubwa, ambayo kwa kawaida ni mara mbili ya ile ndogo. Kibao kinachoonyesha nafasi ya mgawaji huhamia kiti cha kushoto kila mgao unapokwisha, hivyo kila mtu hufikiwa na wajibu huo. Baadhi ya michezo huongeza ante, yaani kiasi kidogo kinachotolewa na kila aliyeketi. Katika poka ya karata saba, ambamo baadhi ya karata hugawiwa zikiwa wazi, hakuna blaindi: kila mmoja hutoa ante, na mwenye karata ya chini kabisa iliyo wazi hulazimika kuanzisha dau. Fedha hizi za lazima ndizo chanzo cha ugomvi wote wa mezani. Zikiwa kubwa, kusubiri karata nzuri huwa ghali. Zikiwa ndogo, uvumilivu hulipa.

Muundo unaoeleweka kwa urahisi zaidi ni kikomo maalumu. Hapa mchezaji hachagui kiasi. Kwenye meza inayoitwa 4 na 8, kila dau na kila nyongeza katika duru mbili za kwanza ni dola 4 kamili, na katika duru mbili za mwisho ni dola 8. Hairuhusiwi 5 wala 7. Idadi ya nyongeza nayo ina mpaka: vyumba vingi vya karata huruhusu dau moja na nyongeza tatu katika kila duru, vingine nyongeza nne. Kwa mpaka wa nyongeza tatu, hesabu ya hali mbaya kabisa ni rahisi. Duru ya kwanza na ya pili haziwezi kuzidi dola 16 kila moja, na ya tatu na ya nne haziwezi kuzidi dola 32 kila moja. Jumla ni dola 96. Mchezaji aliyeketi na dola 1,000 hawezi kupoteza zaidi ya hizo 96 katika mgao mmoja, hata akumbwe na bahati mbaya ya namna gani. Migao inayofika huko ni michache mno. Mingi huishia kwenye dola chache.

Kinga hiyo ina gharama yake, na gharama hiyo huonekana katika bei. Kila dau katika poka ni swali la bei: mchezaji alipe kiasi gani ili apate nafasi ya kuchukua kiasi gani. Tuseme karata nne zimekwisha kufunuliwa mezani, na mchezaji ana kopa mbili mkononi na kopa mbili mezani. Akipata kopa moja zaidi atakuwa na kopa tano, na karibu hakika atashinda. Karata asizoziona ni 46, na kopa zilizobaki ni 9. Kwa hiyo kwa kila mara 9 atakazopata, kuna mara 37 atakazokosa, yaani takriban nne kwa moja dhidi yake. Kwenye meza ya 4 na 8, kitita kina dola 48 na mpinzani mwenye jozi kubwa anaweka dola 8, dau pekee analoruhusiwa. Sasa kitita ni dola 56, na anayesubiri kopa anatakiwa kulipa 8. Bei ni saba kwa moja, nzuri kuliko nne kwa moja. Anapaswa kufuata, na hata mwenye jozi angeonyeshwa karata hizo asingeweza kumzuia.

Mchezo ule ule ukichezwa bila kikomo, mwenye jozi anaweza kuweka dola 48, sawa na kitita chote. Kitita kinakuwa dola 96, na mwenzake anatakiwa kulipa 48 ili azipate: mbili kwa moja tu, ilhali uwezekano uko nne kwa moja dhidi yake. Kufuata kumekuwa kosa. Karata hazikubadilika, watu ni wale wale, kitita kilianza sawa. Kilichobadilika ni nani anayepanga bei. Kwenye kikomo maalumu bei imepangwa na kanuni ya meza, na kila mtu huikuta. Bila kikomo, bei hupangwa na mchezaji mwenyewe, na ustadi mkubwa umo katika kuipanga vizuri: ndogo ya kutosha kumvutia mwenye karata dhaifu, au kubwa ya kutosha kumfukuza anayesubiri bahati.

Kutokana na hilo, hadaa katika kikomo maalumu ni kazi ngumu. Kitita kikiwa dola 60 na karata ya tano imefunuliwa, mtu asiye na kitu anayeweka dola 8 ili kuwatisha wenzake anawapa bei ya 68 kwa 8. Mpinzani akiwa na nafasi ya kushinda mara moja tu katika kila mara tisa, kufuata kunamlipa. Wengi hufuata. Kwa hiyo kikomo maalumu humzawadia mtu wa hesabu na subira, anayekusanya faida ndogo ndogo kwa kuchagua vizuri karata za kuanzia, kuweka dau kila anapokuwa mbele, na kuacha mapema anapokuwa nyuma. Makosa yake ni madogo, na matunda yake ni madogo pia. Kinachoamua ni wingi wa migao. Kwa anayejifunza, ni shule nzuri kuliko zote, kwa sababu ada ya kila kosa inajulikana mapema.

Isidhaniwe kwamba mchezo wenye kikomo ni mchezo wa fedha ndogo. Baadhi ya michezo mikubwa kuliko yote katika historia ya poka ilichezwa kwa kikomo maalumu. Kati ya 2001 na 2006 Andy Beal, mwenye benki kutoka Dallas, Texas, alikwenda Las Vegas mara kadhaa kucheza Texas Hold'em ana kwa ana dhidi ya kundi la wachezaji stadi waliounganisha mitaji yao, wakiwamo Doyle Brunson, Jennifer Harman, Ted Forrest na Phil Ivey. Walicheza kwa kikomo maalumu, lakini madau yalipanda hadi dola 100,000 katika duru za mwanzo na 200,000 katika duru za mwisho. Beal aliyataka makubwa hivyo kwa makusudi, ili wapinzani wake waliokuwa wamemzidi uzoefu wacheze wakihisi uzito wa fedha. Mwezi Februari 2006 Ivey alimshinda zaidi ya dola milioni 16 katika siku tatu. Kikomo kiliwazuia wote wawili wasiweke zaidi ya kiasi kilichopangwa kwa zamu moja. Hakikuwazuia kurudia zamu hizo saa baada ya saa.

Muundo wa pili unaruhusu uchaguzi kidogo: dau liwe lolote kati ya kiwango cha chini na cha juu, kwa mfano kati ya dola 2 na 5, na nyongeza isipungue dau au nyongeza iliyotangulia. Muundo huu umeenezwa zaidi na wabunge kuliko wachezaji. Jimbo la Colorado, Marekani, liliporuhusu kasino katika miji mitatu ya zamani ya wachimba dhahabu, yaani Black Hawk, Central City na Cripple Creek, mwaka 1991, sheria ilisema dau moja lisizidi dola 5. Poka ya miji hiyo ikalazimika kuishi ndani ya dola hizo. Wapiga kura walikubali mwaka 2008 kiwango kipandishwe hadi dola 100, na mwaka 2020 wakakubali miji yenyewe iamue, ikiwa ni pamoja na kuondoa kiwango kabisa. Florida ilianza kwa ukali zaidi. Vyumba vyake vya karata vilipofunguliwa miaka ya 1990, kitita kizima cha mgao hakikuruhusiwa kuzidi dola 10. Baadaye sheria ikaweka mpaka wa dola 2 kwa dau, na mwaka 2010 mipaka ikaondolewa.

Nia ya watunga sheria hao ilikuwa njema: kumlinda raia asiangamie kwa usiku mmoja. Lakini dau dogo mno huondoa pia uwezo wa ustadi kufanya kazi. Mahali ambapo hakuna anayeweza kufukuzwa kwa dau, kila mtu hufuata hadi mwisho, na poka huwa bahati nasibu iendayo polepole. Mtu alindwe, lakini ni bora alindwe kwa mpaka wa kiasi anachoweza kuja nacho mezani kuliko kwa dau lisilo na maana.

Kikomo cha kitita ndicho muundo unaowachanganya wageni zaidi, ingawa kanuni yake inasemwa kwa sentensi moja: dau au nyongeza isizidi kiasi kilichomo kwenye kitita. Utata uko katika kuhesabu kitita wakati wa kupandisha, kwa sababu anayepandisha huhesabiwa kwanza kama amefuata. Tuseme kitita kina dola 100 na mchezaji wa kwanza ameweka 50. Wa pili anataka kupandisha kadiri inavyoruhusiwa. Kwanza analipa 50 za kufuata, na kitita kinakuwa 100 na 50 na 50, yaani 200. Hizo 200 ndizo anazoweza kuongeza, kwa hiyo jumla anasukuma mbele dola 250. Wagawaji hutumia njia ya mkato: dau la mwisho huzidishwa kwa tatu, kisha hujumlishwa na kilichokuwamo kabla yake. Tatu mara 50 ni 150, jumlisha 100, jibu ni 250.

Kikomo hiki huanza kwa upole na kuishia kwa kishindo. Kitita cha dola 10 kikiwekewa dau kamili na mtu mmoja akafuata, kinakuwa 30. Duru inayofuata kinakuwa 90, na ya tatu 270. Kila duru huzidisha kwa tatu, hivyo mtu aliyeingia kwa dola chache anajikuta mwishoni akiulizwa swali la dola 90. Ndiyo sababu wachezaji wa muundo huu hufikiri kuanzia mwisho kurudi mwanzo: kabla ya kufuata dau dogo la awali, hujiuliza dau la duru ya nne litakuwa kiasi gani. Makao makuu ya kikomo cha kitita ni Omaha, poka ambayo kila mchezaji hupewa karata nne za siri na lazima atumie mbili kati yake pamoja na tatu za mezani. Kwa karata nne kila mtu ana tumaini la aina fulani, na tofauti ya nguvu kati ya karata nzuri na za wastani kabla ya meza kufunuliwa ni ndogo kuliko katika Texas Hold'em. Kama dau lisingekuwa na kikomo, mwenye ree mbili angesukuma kila alichonacho tangu mwanzo, na duru tatu za baadaye zisingechezwa. Kikomo cha kitita hulazimisha mchezo uendelee, na huko mbele ndiko utamu wa Omaha uliko.

Mchezo usio na kikomo ndio unaoonyeshwa kwenye televisheni na filamu, na filamu zimeupotosha. Katika sinema mchezaji huishiwa fedha, kisha huvua saa, au huandika hati ya nyumba ili afuate dau. Katika chumba halali cha karata hilo haliwezekani. Kanuni ya mezani husema mtu hucheza kwa fedha, au chipu zinazosimama badala ya fedha, zilizo mbele yake wakati mgao unaanza, bila kuongeza hadi mgao uishe, na bila kupunguza na kuficha mfukoni akiwa bado amekaa. Kwa hiyo "bila kikomo" ina kikomo chake: ni rundo la chipu la mchezaji mwenyewe, na kwa wawili wanaopambana, ni lile rundo dogo kati ya mawili. Mwenye dola 5,000 anayepambana na mwenye 80 anacheza mchezo wa dola 80.

Kutokana na kanuni hiyo huzaliwa kitita cha pembeni. Wachezaji watatu wana dola 30, 80 na 200. Wa kwanza anasukuma 30 zake zote, wa pili anasukuma 80 zake zote, wa tatu anafuata kwa 80. Wa kwanza hawezi kushinda kutoka kwa mwenzake zaidi ya alichoweka, kwa hiyo dola 30 kutoka kwa kila mmoja hufanya kitita kikuu cha 90, kinachogombewa na wote watatu. Dola 50 zilizobaki za wa pili na 50 za wa tatu hufanya kitita cha pembeni cha 100, kinachogombewa na hao wawili tu. Mwenye 30 akiwa na karata bora kuliko wote huchukua 90, na 100 huenda kwa mwenye karata bora kati ya wawili wale. Hakuna anayefukuzwa kwenye mgao kwa sababu ya umaskini.

Hata bila kikomo cha juu, kipo cha chini. Dau lisiwe dogo kuliko blaindi kubwa, na nyongeza isiwe ndogo kuliko dau au nyongeza iliyotangulia katika duru hiyo. Mmoja akiweka 20, mwingine lazima apandishe hadi 40 angalau. Akipandisha hadi 70, ameongeza 50, kwa hiyo anayefuata lazima afike 120 angalau. Tena kiasi kitajwe au kisukumwe mara moja. Kusukuma chipu chache, kutazama uso wa mpinzani, kisha kuongeza nyingine hakukubaliwi, kwa sababu humpa mtu habari ambayo hajailipia.

Hapa ndipo majina ya meza yanapowapoteza watu. Ubao wa chumba cha karata ukisema 4 na 8 kwa mchezo wa kikomo maalumu, namba hizo ni madau. Blaindi ni ndogo zaidi, kwa kawaida dola 2 na 4. Ubao ukisema 1 na 2 kwa mchezo usio na kikomo, namba hizo ni blaindi, na hazisemi lolote kuhusu ukubwa wa dau. Kinachosema ni kiasi cha kuketi nacho. Kwenye meza ya 1 na 2 watu wengi huketi na dola 200, sawa na blaindi kubwa 100, na zote zinaweza kuondoka katika mgao mmoja. Meza yenye namba ndogo ubaoni ina hatari zaidi ya mara mbili ya ile ya 4 na 8, ambayo hasara yake haizidi dola 96 kwa mgao. Anayeingia mara ya kwanza akiongozwa na namba pekee huchagua vibaya, na kosa hilo hutokea mara nyingi kiasi kwamba linastahili kusemwa kabla ya mafunzo mengine yote.

Kina cha rundo hubadilisha hata thamani ya karata. Jozi ndogo mkononi, kwa mfano mbili mbili, hupata karata ya tatu inayolingana nayo katika zile tatu za kwanza takriban mara moja katika kila mara nane au tisa. Wapinzani wakiwa na marundo makubwa, inafaa kulipa kidogo kuisubiri, kwa kuwa ikija inaweza kuzoa rundo zima. Marundo yakiwa mafupi, hakuna cha kuzoa, na jozi ile ile si kitu cha kufukuzia. Katika kikomo maalumu rundo la mpinzani halina uzito huo, kwa kuwa haliwezi kuchukuliwa kwa mkupuo.

Poka isiyo na kikomo haikutawala siku zote. Texas Hold'em yenyewe ilianzia Texas mwanzoni mwa karne ya 20. Bunge la jimbo hilo limeutambua mji wa Robstown kuwa mahali mchezo huo ulipozaliwa. Benny Binion alianzisha World Series of Poker mwaka 1970 kwenye kasino yake ya Horseshoe, Las Vegas, na kuanzia 1971 shindano kuu likawa la Texas Hold'em bila kikomo, la kucheza hadi abaki mmoja. Kiingilio chake kimekuwa dola 10,000 tangu 1972. Hata hivyo, kwa miongo mingi baada ya hapo, mchezaji wa kawaida wa California au Las Vegas alicheza kwa kikomo maalumu. Mabadiliko yalikuja mwaka 2003, pale Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyefuzu kupitia shindano dogo la mtandaoni, alipowashinda washindani 838 na kuchukua dola milioni 2.5. Televisheni wakati huo ilikuwa imeanza kuwaonyesha watazamaji karata za siri, hivyo dau kubwa lililowekwa na mtu asiye na kitu likawa tamthilia. Mwaka 2006 shindano hilo lilikuwa na washiriki 8,773, na meza za kikomo maalumu zikaanza kupungua katika vyumba vya karata.

Tofauti kati ya miundo hii miwili imepimwa pia na kompyuta, na vipimo vyake vinashangaza. Mwezi Januari 2015 Michael Bowling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza katika jarida la Science kwamba Texas Hold'em ya watu wawili yenye kikomo maalumu imetatuliwa kwa vitendo. Programu yao, Cepheus, ilijifunza kwa kucheza dhidi ya yenyewe kwa siku zaidi ya 60 kwa kutumia maelfu ya vichakataji, hadi ikawa hakuna mwanadamu awezaye kuishi miaka ya kutosha kuthibitisha kwamba ameishinda. Mchezo huo una nukta za uamuzi zaidi ya 1 ikifuatiwa na sufuri 14. Ukiondolewa kikomo, hesabu hiyo hupanda hadi 1 ikifuatiwa na sufuri 160, kwa sababu tu mchezaji ameruhusiwa kuchagua ukubwa wa dau lake. Programu ya Libratus, iliyoundwa na Noam Brown na Tuomas Sandholm wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji stadi wanne mjini Pittsburgh mwaka 2017 katika migao 120,000 bila kikomo, lakini mchezo huo haujatatuliwa kama ule wa kwanza. Uhuru wa kuamua kiasi ndio uliozalisha ugumu huo wote.

Mashindano yana muundo wake, ambao kiini chake ni muda. Kila mshiriki hulipa kiingilio na kupewa chipu zisizobadilishwa kuwa fedha. Akizimaliza, ametoka, isipokuwa pale ambapo kuingia upya kunaruhusiwa. Blaindi hupanda kila baada ya kipindi fulani. Mtu mwenye chipu 10,000 wakati blaindi kubwa ni 100 ana blaindi 100 za kuchezea. Blaindi ikifika 1,000 naye hajashinda wala kushindwa, anabaki na blaindi 10, na uamuzi wake umepungua kuwa kusukuma zote au kutupa karata. Kwa hiyo ratiba ya kupanda kwa blaindi ndiyo kikomo cha kweli cha mashindano. Katika shindano kuu la World Series kila kipindi huchukua saa mbili, na mchezo huendelea kwa siku nyingi. Ustadi una nafasi ya kujitokeza. Katika mashindano ya haraka ya mtandaoni, yenye vipindi vya dakika chache, bahati huamua mengi. Anayetaka kujua ubora wa shindano aangalie kwanza ratiba hiyo, kisha ndipo aangalie zawadi.

Limebaki jambo moja ambalo ubao hauliandiki kwa herufi kubwa: makato ya nyumba. Wachezaji wa poka hushindana wao kwa wao, na kasino hujilipa kwa kukata sehemu ya kitita, mara nyingi asilimia 10 hadi kiwango fulani cha juu, na kwa kawaida haikati kitu ikiwa mgao umekwisha kabla ya karata za mezani kufunuliwa. Makato hayo hayapungui sawasawa na kikomo. Kwenye meza ya 2 na 4, dola 4 zinazokatwa ni dau kubwa zima la mchezo huo. Ikiwa migao 30 inachezwa kwa saa na kila mmoja unakatwa wastani wa dola 3, dola 90 zinaondoka mezani kila saa. Kwa watu tisa, ni dola 10 kwa kila mmoja, yaani madau makubwa mawili na nusu kwa saa. Mchezaji bora kabisa wa kikomo maalumu huridhika akipata faida ya dau kubwa moja kwa saa. Kwenye kikomo cha chini namna hiyo, karibu kila aliyeketi anapoteza, akiwamo yule anayecheza vizuri kuliko wenzake. Kwenye meza za madau makubwa makato ya kitita huachwa, na kila mchezaji hulipia kiti chake kiasi kisichobadilika kwa kila nusu saa.